Mwenye Neno na Asimame

Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu,

Kwa uzito wote unaostahili, na kwa idhini ya mama, natangaza kwamba birika la bluu limefariki dunia. Lilikatika mdomo Alhamisi asubuhi likiwa kazini, halikuugua hata siku moja. Limeacha sufuria mbili na kikaango kisicho na mpini. Mama amekataa kulitupa. Amelipandisha juu ya kabati, na kutoka huko linatutazama kama mkwe aliyenyimwa chai. Nakuandikia mapema usije ukasikia kwa watu.

Sisi wazima. Goti la mama linamsumbua mvua ikikaribia, mvua ikifika linapona, kwa hiyo tumeacha kusikiliza utabiri wa redio. Mimi bado nafua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu, na jioni nashona sare za shule. Mke wa mzee mmoja wa kanisa amelalamika kwamba kitambaa cha Komunyo kina doa. Doa hilo ni la divai, na aliyeliweka ni mumewe. Nimenyamaza. Ukikaa na nguo za watakatifu muda mrefu, unajua mengi na kusema machache.

Wiki iliyopita Padri Mzee alitangaza kwamba mwaka huu utafanywa shemasi, wa kwanza kutoka mtaa wetu tangu wamisionari walipojenga kanisa na kutuachia kengele yenye ufa. Alisema karibuni litasomwa tangazo lako rasmi. Mama alilia hadi akapaliwa. Macho ya Padri yamezidi kupungua. Anasoma pua ikigusa kitabu, na miwani mipya hataki. Anasema macho yake yamekizoea kitabu na kitabu kimeyazoea macho yake.

Sasa jana. Fundi Seremala amerudi kanisani. Alikuwa hajakanyaga humo muda mrefu. Alikuja peke yake, koti jeusi, akavipita viti vyote vya nyuma vilivyokuwa wazi na kwenda kukaa mbele kabisa, pale wanapokaa wazee wa kanisa. Wazee wakasogea. Hakuimba. Kitabu cha nyimbo alikishika kimefungwa, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kuku asiyemwamini. Baada ya ibada alimfuata Padri, akamuuliza jambo moja tu: tangazo la kijana litasomwa lini?

Sijui kwa nini nakuandikia hili. Pengine kwa sababu birika peke yake halijazi ukurasa.

Unamuulizia Nyundo kila barua. Nyundo alikwenda kule kwenye mashine za kupasulia mbao, kama ulivyosikia. Alipo sasa hakuna posta. Wewe soma vitabu vyako.

Mama anasema uvae soksi mbili.

Dada yako


Alhamisi, 20 Februari

Dada yangu mpendwa,

Poleni na msiba wa birika. Nimeliombea.

Huku baridi imefika mahali pa kuudhi. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, na bomba la joto linalogonga kama mgeni lakini halileti kitu. Soksi mbili ni za asubuhi. Jioni ni tatu.

Wiki hii tumejifunza kuzika. Anatufundisha Mkuu wa chuo mwenyewe, yule mmisionari aliyekaa nchi za kwetu mpaka nywele zikamwisha. Kiswahili chake chote amekipata kwenye kitabu cha sala. Hata akiomba chumvi mezani utadhani anakubariki. Marehemu wetu ni godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Tunalibeba, tunalishusha penye alama ya chaki sakafuni, tunasoma maneno. Sote tumelizika. Mwenzangu wa chumba cha jirani, jitu lenye sauti ya kutikisa madirisha, alisoma vizuri mpaka penye pengo la jina. Hapo hofu ikamshika, akasoma kama ilivyochapwa kitabuni: "ndugu yetu Fulani." Tukacheka. Mkuu hakucheka. Alisema, "Jina lisipotajwa, hakuna aliyezikwa." Maneno hayo yamenikaa, sijui kwa nini.

Sasa sikiliza, maana ni jambo zito. Sisi Waanglikana hatumpi mtu daraja kwa siri. Kabla Askofu hajaniwekea mikono, tangazo linasomwa katika kanisa la nyumbani, mbele ya watu walioniona nikikimbia bila suruali. Linasema naomba kuwa shemasi, na anayejua sababu ya kunizuia asimame aseme. Kisha Padri ananyamaza. Asiposimama mtu, yeye na wazee wa kanisa wanatia sahihi kwamba kulikuwa kimya, na kimya hicho kinatumwa huku kwa posta. Akisimama hata mmoja, mambo yote yanasimama naye. Mkuu amewahi kumwona kijana aliyerudishwa kwao na sanduku lake kwa sababu ya mtu mmoja tu. Hakupewa nafasi ya pili, na kanisa lake halikuombwa kijana mwingine.

Kwa hiyo miaka yangu yote ya ugenini, pamoja na machozi ya mama, inaning'inia kwenye kimya cha watu wetu, ambao hawajawahi kunyamaza hata msibani.

Fundi anataka nini? Nafasi ya chuo ilikuwa moja na tulioitwa tulikuwa wawili, mimi na Nyundo mwanawe. Kama mzee bado ana donge, nalielewa. Lakini Nyundo mwenyewe alinibebea sanduku hadi stendi huku akicheka. Tumekua pamoja. Kuku wakifa, yeye alikuwa akichonga jeneza kwa vipande vya mbao vya baba yake na mimi nikisoma sala, ndipo akaniita Mzishi. Donge la baba si la mwana.

Nimechoka kumsalimia kupitia kwako. Leo namwandikia mwenyewe, kwa anwani ya karakana ya baba yake. Watampelekea huko aliko.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Februari

Nyundo, mpiga misumari usiye na huruma,

Je, umekufa? Nauliza kwa sababu mtu aliye hai hujibu. Nimekutumia salamu mpaka dada yangu amechoka kuzibeba.

Kama umekufa, sema mapema. Wiki hii nimejifunza kuzika. Nimezika godoro, na halikulalamika. Wewe nitakuzika kwa heshima zote, ila ubao uje nao mwenyewe, maana kwenye jeneza la kuku hutoshi, kichwa chako kitabaki nje. Baba yako apige misumari, mimi nisome, wewe ulale tu kama ulivyozoea wakati sisi wengine tunafanya kazi.

Kama hujafa, huna udhuru.

Mwaka huu nafanywa shemasi. Siku nitakayokuja kusimama mbele ya watu wetu, nataka ukae karibu na mlango unichekeshe kama ile siku tulipomzika jogoo, ili nijue nimefika nyumbani. Huku sijapata mtu wa kucheka naye. Hilo usimwambie mtu.

Msalimie mzee. Kisanduku cha vitabu alichonichongea bado ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote chumbani humu, mimi nikiwemo.

Mzishi


Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Ulimwandikia nini?

Mleta barua alikuja Jumamosi. Alinipa bahasha yako mlangoni, akasema kulikuwa na nyingine yenye mwandiko uleule, hiyo amekwisha kuikabidhi karakana, mkononi mwa Fundi. Nilikuwa nimeshika pasi ya moto. Sikumbuki niliiweka wapi, lakini meza inakumbuka.

Jana Fundi alikuja kanisani, kiti kilekile. Bahasha yako ilikuwa mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, kona yenye stempu ikichungulia. Wakati wa mahubiri aliigusa. Si mara moja.

Alasiri akaja nyumbani. Hatukumwita. Alikuja na randa, akasema ameona mlango wetu unakwaruza sakafu. Akautoa kwenye bawaba, akaulaza uani, akaanza kuuranda bila neno. Mama akakaa ndani ya nyumba isiyo na mlango, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nikampelekea Fundi maji. Aliyanywa yote, akanirudishia kikombe.

"Mdogo wako ana mwandiko mzuri," akasema.

Nikasema ndiyo, Fundi.

"Umenyooka. Kama wa mtu asiyeogopa kitu."

Akaurudisha mlango, akaenda zake. Sasa unafunga kabisa, hausikiki hata ukifunguliwa. Mama haupendi. Anasema ule wa zamani angalau ulikuwa unabisha hodi.

Watu nao wameanza. Muuza mafuta ya taa ameniuliza, huku akinipunja, kama ni kweli Fundi ana neno. Yule mke wa mzee wa kanisa ameomba kuhamia upande wa pili ili aone vizuri. Aone nini, hakusema. Padri ameweka tarehe ya tangazo, 13 Aprili, na kila wiki Fundi anapitia mlango wa sakristia kuhakikisha haijabadilishwa.

Usimwandikie Nyundo tena. Nisikilize mara hii moja. Mtihani wako unaisha Aprili, sivyo? Ukiisha nitakuandikia barua ndefu. Mama anasema mtu akiwa juu ya ngazi haambiwi nyumba inaungua. Nilimuuliza, na kama ngazi imeegemea nyumba hiyohiyo? Akaniambia nikapige pasi.

Dada yako


Alhamisi, 27 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma hadi imeanza kukatika penye mikunjo.

Nilimwandikia mzaha. Mzaha wetu wa siku zote, wa kuku na majeneza. Kama ni Fundi anayetembea nao mfukoni, basi Nyundo hayuko karibu. Au yuko, na amempa baba yake aushike. Kama amempa, amekasirika. Kama amekasirika, nimemkosea nini?

Nimejipekua kama wanavyopekua mizigo mpakani. Nimekuta mapera ya bustani ya shule, uongo mmoja juu ya homa, na kiburi. Kiburi ni kingi kuliko nilivyodhani. Lakini hakuna kinachotosha kumvalisha mzee koti jeusi kila Jumapili.

Juzi Mkuu aliniita ofisini kwake. Ni chumba chenye saa mbili zisizokubaliana, na ukutani pana picha za mapadri wote waliosomea hapa, wa kutoka kila pembe, safu kwa safu. Fremu moja haina picha. Aliniona nikiitazama. Alisema ni ya yule aliyerudishwa kwao na sanduku lake, na kwamba hakuwa na moyo wa kuweka mwingine pale. Kisha akaniuliza, "Nyumbani kwako, wananena nini juu yako?"

Nikasema sijui, Baba.

Akaiangalia saa moja, akaiangalia na nyingine. "Mimi pia sikuwa nikijua walinena nini juu yangu," akasema. "Nilikaa kwenu miaka thelathini."

Fundi cherehani amekuja kunipima kanzu. Alizunguka na pini zake mdomoni, akasema ataishona ila pindo hatalikunja mpaka kimya kifike. Alisema hivyohivyo, kimya kifike, kana kwamba kina sanduku na tiketi.

Dada, umeniandikia birika, goti, doa la divai, mlango. Nyundo peke yake unamzunguka kama shimo la njiani. Mahali pasipo na posta ni wapi? Mtihani wa mwisho ni Ijumaa, tarehe 11. Nakuomba usisubiri hadi hapo.

Au subiri. Sijui.

Mdogo wako


Jumamosi, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Mtihani umeisha jana. Kaa chini.

Nyundo alifariki mwaka jana, wakati wa mvua kubwa. Gogo liliteleza kwenye mashine. Wanasema hakuteseka, na wanaosema hivyo hawakuwepo. Fundi alimchongea jeneza mwenyewe. Alikataa kusaidiwa, tukasikia misumari ikigongwa kutwa nzima. Padri alimzika, na siku hiyo jina alilitaja vizuri. Tangu hapo Fundi hakuingia kanisani, mpaka ulipotajwa wewe.

Mama aliniapisha, mkono juu ya kitabu cha sala, nisikuambie hadi umalize mtihani. Ukamaliza, ukaja mwingine. Kila mara palikuwa na mtihani. Mtaa mzima ulijua kwamba hujui, isipokuwa, naona sasa, mtu mmoja. Hakuna aliyemwambia Fundi kwamba tumekuficha. Kila mtu alidhani mwenzake amemwambia. Yeye alichokiona ni kwamba kijana ambaye yeye mwenyewe alimchongea kisanduku cha vitabu hakumletea hata pole ya mstari mmoja. Halafu, karibu mwaka umepita, ikafika barua yako kwa jina la marehemu.

Mzaha wa majeneza, unasema. Sitaki kujua zaidi.

Jana nilikwenda karakana kumweleza. Alikuwa anapiga msasa meza. Nikasema, Fundi, nina neno. Hakuinua kichwa. "Wiki hii kila mtu ana neno," akasema. "Jumapili si mbali." Nikarudi nyumbani, mimi mwenye mdomo wa kuazimisha.

Barua hii haiondoki hadi Jumatatu. Nitaimalizia kesho.

Jumapili, alasiri

Kanisa lilijaa watu ambao hata ubatizo wao una mashaka. Muuza mafuta ya taa alikuja na mkewe na kiti cha kukunja. Fundi alikuwa mahali pake. Mama alinishika mkono hadi ukafa ganzi.

Padri akasimama, kitabu puani. Akasoma tangazo lote bila kukwama, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku ya kipaimara changu: "Tunawatangazia kwamba Fulani anakusudia kuomba daraja takatifu la ushemasi."

Fulani. Kama ilivyochapwa.

Nikawatazama wazee wa kanisa. Mmoja alikuwa anasoma dari, mwingine anasoma viatu. "Mwenye neno na asimame," Padri akasema, akanyamaza. Fundi alikuwa ameinamia mbele, mikono magotini, kama mtu anayesikia basi linakuja lakini halioni. Kimya kikapita. Padri akafunga kitabu, tukaimba. Hakuna aliyempinga Fulani. Hata mimi sina ubaya naye.

Wazee wakatia sahihi kabla chai haijapoa. Mimi sikusema kitu. Mama hakusema kitu. Nilimfuata Fundi nje, nikamkuta amesimama chini ya kengele, bahasha yako mfukoni. Nikamuuliza kama alikuwa na neno.

"Nilikuwa nasubiri jina," akasema. "Halikuja."

Kimya chako kinaondoka kesho kwa posta moja na barua hii. Kikifika, kipokee tu. Mungu anamjua Fulani ni nani.

Nisamehe ukiweza. Mama hajui kwamba nimeomba.

Dada yako


Alhamisi, 1 Mei

Kwa Baba yake Nyundo,

Shikamoo, mzee wangu.

Nimejua juzi. Kwetu walinificha ili nisome, na mimi nikasoma, nikapasi. Sasa najua Nyundo yuko wapi na sijui nifanye nini na hayo mengine niliyoyasoma.

Ile barua niliyomwandikia unayo. Hakuna neno ndani yake ninaloweza kulifuta kutoka huku. Niliiandika kwa mtu niliyedhani yu hai, kwa lugha tuliyoitumia uani kwako tangu wadogo, na umeisoma wewe uliyempigia misumari. Sina maneno ya kuifunika. Laiti ingepotea njiani.

Tangazo la kwanza lilikuwa na kosa. Litasomwa tena, jina langu likitajwa. Siku hiyo, kama una neno, simama ulitoe. Sitakulaumu, na asikulaumu mtu yeyote wa nyumba yetu. Nisipofaa kumlilia Nyundo, sifai kumzika mtu mwingine.

Kisanduku chako kipo miguuni pa kitanda. Bawaba zake hazijalia hata siku moja.

Rafiki wa mwanao


Alhamisi, 1 Mei

Dada,

Kimya kilifika, kikiwa na sahihi tatu na muhuri. Fundi cherehani akaja kukunja pindo. Nikamwambia asubiri.

Nimemweleza Mkuu kwamba jina halikutajwa. Aliniambia nifikiri. Alisema karatasi haina kasoro, muhuri upo, na Askofu hatauliza. Nikasema yupo mtu mmoja aliyekaa kiti cha mbele akisubiri jina hilo. Mkuu akaichana ile karatasi vipande viwili, akavipanga vizuri pembeni ya meza, maana ni mtu nadhifu. Tangazo litasomwa upya tarehe 1 Juni. Akisimama mtu, narudi nyumbani na kisanduku changu.

Mwambie Padri avae miwani. Au alikumbuke tu jina; yeye ndiye aliyenibatiza.

Usiende karakana. Usimwombe Fundi lolote. Nimemwandikia mwenyewe, na mara hii hamna mzaha.

Wewe na mama sijawakasirikia. Zamu yenu haijafika.

Leo ilikuwa zamu yangu tena ya kuzika godoro. Penye pengo nikalitaja jina lake, lile alilobatizwa nalo, siyo la mzaha. Hakuna aliyecheka. Yule jirani yangu mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshika kamba upande wa pili, akaniangalia, akashusha polepole sana.

Mdogo wako


Jumatatu, 2 Juni

Mdogo wangu,

Sikwenda karakana. Mleta barua alikwenda, na bahasha yako ya pili, na Fundi akaiweka mfuko uleule na ya kwanza. Hakuja kuranda kitu. Alipita mbele ya nyumba yetu kila siku akienda kazini, na hakugeuza shingo. Mama alianza kufunga mlango mchana.

Mtaani walikuwa wamemaliza kesi na hukumu wameitoa. Muuza mafuta ya taa alinipa ujazo kamili bila kupunja, nikajua tumekwisha.

Jina lako nililiandika mwenyewe kwa wino, herufi za kuandikia duka, nikalibandika juu ya Fulani.

Jana kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi za nje. Padri akasimama, akasoma, akafika pale. Alilitaja jina lako lote, la ubatizo, la baba na la babu. Kisha akalirudia mara ya pili, kwa kupenda tu. Mama akauachia mkono wangu. "Mwenye neno na asimame," Padri akasema.

Fundi akasimama.

Kiti kililia. Hakuna aliyekohoa, hata wale wanaokuja kanisani ili wakohoe. Padri akateremsha kitabu, akamtafuta kwa yale macho yake, akauliza taratibu, "Fundi, una neno?"

Fundi akatoa bahasha zako zote mbili.

"Neno sina, Padri," akasema. "Nilitaka kulisikia jina lake likitajwa humu. Yangeweza kuwa majina mawili, lake na la mwanangu." Akaziinua, kama anayepima ubao kwa jicho. "Ila nina hizi, zimetoka kwake. Ningeomba mtu anisomee. Aanze na ya kwanza."

Nilikuwa wa kwanza kuinuka, kwa sababu nilitaka nizishike mimi kabla ya mtu mwingine. Kona zimelainika kwa jasho la koti. Ile ya zamani stempu yake imepauka. Nimezigeuza: gundi yako ipo vilevile ulivyoilamba, zote mbili. Mimi ninayejua doa la nani liko kwenye kitambaa gani, nimeishi njia mbili kutoka kwake maisha yangu yote, sikujua kwamba nyumbani mle kulikuwa na msomaji mmoja tu, Nyundo, na kwamba alikuwa akiitunza siri ya baba yake.

Wazee wametia sahihi kwamba hapakuwa na kipingamizi. Karatasi inaondoka leo. Mwambie fundi cherehani akunje pindo.

Nilimwomba nisimsomee mbele ya watu, naye ananisubiri karakana jioni hii. Amefagia na ameweka kiti. Nilimwambia mama kwamba nimeiinua bahasha ya kwanza penye mwanga, nikayaona maneno ya mstari wa juu: "Je, umekufa?" Anasema niende, nifungue, nisome mengine ya kichwani mwangu, ya pole na salamu, na kwamba Fundi hatajua.

Hatajua kweli. Fundi hajui kusoma.

Dada yako